Aota Ikikakamaa, Moyo Hupoteza Mdundo

Mashine ya presha hutoa namba mbili, na mazungumzo karibu yote huishia kwenye ile ya juu. Mzee akipimwa akakutwa na 160 kwa 70, jamaa zake watasema presha imepanda, ila ya chini iko sawa. Toa 70 kwenye 160 unabaki na 90, na hiyo 90 ndiyo ninayotaka tuitazame. Kwa mtu mwenye afya pengo hilo huwa karibu na 40. Linapopanuka uzeeni, mara nyingi ni habari ya aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Na yanayoipata aota huja kuonekana, pengine baada ya miaka mingi, kwenye mapigo ya moyo.

Tumezoea kuyatenganisha magonjwa ya aota na ya mdundo. Aota ni ya mabingwa wa upasuaji, wanaopima upana wake kwa sentimita. Mdundo ni wa wanaosoma ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Hospitalini mgawanyo huo una faida yake. Mwilini haupo.

Kazi ya aota si kupitisha damu tu. Moyo unapojikunyata, damu huingia kwa kishindo na ukuta wa aota hutanuka. Moyo unapolegea, ukuta hurejea na kuisukuma damu mbele, sehemu yake ikaingia kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Ni kama mpira wa tyubu unaofungia mizigo kwenye baiskeli: ukiwa mpya huvutika na kurudi, ukishapigwa jua miaka mingi hukakamaa, ukiuvuta hauji. Aota nayo huzeeka, na presha isiyotibiwa, kisukari na sigara huiharakisha. Ikishakakamaa haikimezi tena kile kishindo, hivyo namba ya juu hupanda. Na kwa kuwa haina cha kurudisha moyo unapolegea, ya chini hushuka. Pengo hutoka hapo.

Moyo sasa unasukuma dhidi ya ukuta mgumu. Chumba cha chini cha kushoto hunenepa misuli, kisha huwa kizito kujaa. Chumba cha juu, chenye kazi ya kukijaza, hubebeshwa shinikizo linalorudi nyuma: hutanuka, na katikati ya misuli yake huota makovu. Umeme wa moyo hupita kwenye misuli hiyo hiyo. Ukikuta makovu hupinda, hugawanyika, hujizungusha, na chumba kizima huacha kujikunyata kwa mpango kikabaki kutetemeka. Hali hiyo ndiyo fibrilesheni ya atria. Wapo wanaohisi moyo unakwenda mbio ovyo, na wapo wasiohisi lolote, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, kwa sababu damu iliyotuama kwenye chumba kinachotetemeka inaweza kuganda, na donge likifika kwenye ubongo huleta kiharusi.

Ushahidi wa mlolongo huu ulipatikana katika mji wa Framingham, Marekani, ambako wakazi wamekuwa wakifuatiliwa mioyo yao tangu 1948. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya watu 5,331. Katika miaka 20, fibrilesheni ya atria iliwapata asilimia 5.6 ya wale ambao pengo lao halikuzidi 40, na asilimia 23.3 ya wale ambao pengo lao lilizidi 61. Msomaji makini atauliza: hao wa pengo kubwa si ndio waliokuwa wazee zaidi? Ndivyo. Lakini hata umri na mambo mengine yalipozingatiwa, kila nyongeza ya 20 kwenye pengo iliambatana na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 26. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba kimoja kimezaa kingine. Na pengo linaweza kupanuka kwa upungufu wa damu, kwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kwa vali ya aota inayovuja, hata kwa kijana.

Hiyo ni njia ya polepole kutoka aota hadi mdundo. Ipo nyingine, ya ujirani tu. Umeme unaotoka vyumba vya juu kwenda vya chini hupita kwenye fungu jembamba la nyuzi alilolieleza daktari Wilhelm His mwaka 1893, na fungu hilo liko chini kidogo ya vali ya aota. Chokaa inayojijenga kwenye vali ya mzee huweza kulifikia. Jipu linaloota kando ya vali iliyoshambuliwa na bakteria hulifikia pia, ndiyo maana mgonjwa wa aina hiyo hupigwa ECG mara kwa mara: umeme ukianza kuchelewa njiani, maambukizi yameshavuka vali. Hata tiba yenyewe haijasalimika. Daktari Alain Cribier alipoweka vali ya aota bila kupasua kifua, mjini Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, alifungua mlango kwa wazee wasioweza kuhimili upasuaji. Lakini vali hiyo mpya ikitanuka mahali pake hulibana fungu lile, na baadhi ya wagonjwa hurudi nyumbani na betri ya moyo.

Njia ya tatu ni ya dakika chache. Ukuta wa ndani wa aota huchanika, damu ikajipenyeza kati ya tabaka zake. Mpasuko ukirudi nyuma hadi kwenye mshipa wa kulia unaoulisha moyo, ambao kwa watu wengi ndio unaolisha vituo vya umeme, mapigo hupungua ghafla, na ECG huonekana kama ya shambulio la moyo. Hapo daktari anaweza kuua kwa nia njema: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, yenye msaada kwenye shambulio la moyo, huimaliza aota iliyochanika. Maumivu makali tangu sekunde ya kwanza, yanayokwenda mgongoni, pamoja na presha inayotofautiana kati ya mikono miwili, yanatosha kumfanya asite.

Kwenye dawa ndiko ujirani huu unakomgusa mtu wa kawaida. Propranololi na ndugu zake, atenololi na bisoprololi, hutuliza mdundo na pia hupunguza nguvu ya kila pigo linaloigonga aota. Tangu 1965 dawa za kupunguza kishindo hicho zimekuwa sehemu ya matibabu ya aota iliyochanika. Hata hivyo, vali ikivuja sana, kuupunguza mwendo wa moyo kunairefushia damu muda wa kurudi nyuma, kwa hiyo si dawa za kuazimana na jirani.

Upande wa pili zimo siprofloksasini na levofloksasini, antibayotiki ambazo katika miji yetu mingi mtu huzipata dukani bila cheti. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kundi hili huongeza hatari ya kuchanika au kupasuka kwa aota, hasa kwa wazee, wenye presha, wenye aota iliyotanuka na wenye ugonjwa wa kurithi uitwao Marfan. Dawa hizo hizo zinaweza kurefusha muda ambao moyo hujichaji upya baada ya kila pigo, na kufungua njia ya mapigo hatari. Kwa mtu mmoja mmoja hatari ni ndogo, na mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia levofloksasini hapaswi kuiacha. Kliniki ya TB inapompiga ECG inaulinda mdundo wake. Lakini karatasi hiyo haionyeshi upana wa aota. Mwenye historia ya aota iliyotanuka, au ya ndugu aliyekufa kwayo, aitaje kabla ya kidonge cha kwanza, ili apimwe kwa eko, yaani ultrasound ya moyo.