Kisu Kipya cha Kukunja: Kisikilize Kabla Hujakisifu

Msomaji mpenzi, tuseme leo umekabidhiwa kisu kipya cha kukunja, kile cha kutia mfukoni. Utaanza kukikagua wapi? Bila shaka utakifungua na kupitisha kidole gumba kwenye makali, uone kama kinakata. Mimi nilifanya hivyo hivyo, nikachekwa na watu wazima watatu kwa mpigo.

Mambo hayo yalinipata huko Likoni, kwenye baraza ya baharia mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akikusanya visu vya aina hiyo. Wenzake wawili walikuwa wamevuka kwa feri kuja kumtembelea, mmoja fundi wa magari kutoka Changamwe na mwingine mwalimu kutoka Kisauni. Walikuwa wameitana kwa sababu mpwa wa mwenyeji, ambaye hufanya kazi melini, alikuwa amemletea mjomba wake kisu kipya kutoka Uingereza. Kilikuwa bado ndani ya kijisanduku, kimeviringwa katika karatasi yenye mafuta.

"Makali si hoja, mwanangu," mzee aliniambia huku akikichukua kutoka mkononi mwangu. "Makali utayatia mwenyewe kwa kinoo. Springi ikiwa mbovu, utaitia nini?"

Ili uelewe maneno ya mzee huyo, yafaa kwanza ujue kisu chenyewe hufanya kazi vipi. Kisu hiki hakina kufuli. Bapa lake limeshikwa na ribiti moja kwenye kichwa cha mpini, na mgongoni mwa mpini umelazwa utepe mnene wa chuma kigumu, ambao ndio springi. Kitako cha bapa kimechongwa kikawa na pande zilizonyooka na kona. Unapofungua, kona huinua springi, kisha springi huanguka juu ya upande ulionyooka na kulibana bapa lisicheze. Ukifunga, mambo ni yale yale. Kwa hivyo kinacholizuia bapa lisikurudie vidoleni ni nguvu ya utepe ule tu, na ndiyo maana mwenye kukijua kisu hiki hakitumii kuchokoa wala kudungia kitu kigumu.

Mzee alikiweka karibu na sikio, akalivuta bapa kwa ukucha taratibu. Katikati ya safari, bapa lilipokuwa limesimama wima, likatua kidogo. Akaendelea. Tak! Akakifunga. Tak! Akarudia mara tatu, nasi kimya kama tuliokuwa tukisubiri habari za redio. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani husema kwamba kisu kizuri hutembea na kuzungumza. Wakiwa na maana kwamba bapa hutembea laini bila kukwaruza, na mwisho wa mwendo springi hutoa mlio mmoja mkavu. Mlio ukiwa wa uvivu, springi ni dhaifu. Nayo ikikaza kupita kiasi, utavunja ukucha kabla hujamenya chungwa.

Mzee akatabasamu. Mlio aliupenda.

Lakini kisu hakikuwa chake peke yake kukihukumu. Fundi wa Changamwe alikinyakua, akakielekeza kwenye jua lililokuwa likielekea kuzama, na kuchungulia baina ya springi na vibamba vya shaba vilivyo chini ya mpini. Akaniita nitazame. Naam, palikuwa na mwanya mwembamba kama uzi, nao mwanga ulipenya. Kisu kilichoungwa sawasawa hakipitishi nuru. Hata hivyo, fundi alisema mwanya ule hautakizuia kisu kukata, ila utakusanya jasho na mchanga, na mahali penye hewa ya chumvi kama kwetu, kutu itaanzia hapo hapo.

Kisha akafanya jambo ambalo hata wewe unaweza kulifanya nyumbani. Alikata kipande cha karatasi nyembamba ya sigara, akakilaza ndani ya mpini juu ya springi, akaliachia bapa lijifunge kwa nguvu zake lenyewe. Alipofungua tena na kuitoa karatasi, ilikuwa nzima. Kama ingekuwa na alama ya kukatwa, maana yake makali hugonga springi kila kisu kinapofungwa, na mwenye nacho angeshinda akikinoa mahali pale pale bila kujua mchawi ni nani. Mwisho alilishika bapa kwa vidole viwili akajaribu kulitikisa kushoto na kulia. Halikutikisika.

Mwalimu yeye hakushughulika na springi wala mwanya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mpini, akauliza ni wa nini. Ulikuwa wa mfupa wa ng'ombe, uliotiwa rangi ya kahawia na kuchongwa vijistari ili usiteleze. Akashusha pumzi.

Sababu ya swali hilo inatuhusu sana sisi watu wa pwani. Mji wa Sheffield ulikuwa na watengenezaji wa visu waliojulikana dunia nzima, na chama chao kilianzishwa kwa sheria ya bunge la Uingereza mwaka 1624. Kampuni moja ya huko, Joseph Rodgers, ilisifika kwa ghala lake la pembe za ndovu, ambazo zilikatwa kuwa mipini. Mombasa na Unguja nazo zilikuwa bandari za kusafirishia pembe kwenda ng'ambo. Kwa hivyo ukiona kisu cha kale chenye mpini mweupe wenye mistari membamba iliyokatana, usikikimbilie. Biashara ya pembe baina ya mataifa ilipigwa marufuku mwaka 1989, mwaka ambao Kenya iliteketeza tani 12 za pembe hadharani, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu vikali mtu anayekutwa na kitu cha pembe ya ndovu bila kibali. Babu yako kukuachia urithi si kibali.

Baada ya mpini tulihamia kwenye maandishi yaliyopigwa chini ya bapa. Hapo ndipo wengi hudanganywa. Zamani viwanda vingine vya Ujerumani vilikuwa vikipiga jina la Sheffield kwenye visu vyao, nao Waingereza wakalalamika hadi sheria ya mwaka 1887 ikalazimisha bidhaa kutoka nje zionyeshe nchi zilikotengenezwa. Kichekesho ni kwamba maneno "Made in Germany", yaliyokusudiwa kuwa doa, yaligeuka kuwa sifa. Leo ukipekua sanduku la vyuma vikuukuu, Kongowea au kwingineko, usiridhike na jina la mji pekee. Tafuta jina la nchi, kisha urudi kwenye springi.

Kisu ambacho Waafrika wengi wamekifahamu zaidi ni Okapi. Hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na kikapewa jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka uliotangulia tu. Tangu mwaka 1988 kimekuwa kikitengenezwa Afrika Kusini. Halafu kuna kile chekundu cha Uswisi chenye msalaba mweupe, ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897. Mama yake aliitwa Victoria, na nusu ya jina la Victorinox inatokana naye. Fundi anazo Okapi mbili, lakini alikiri kwamba hicho cha Uswisi ndicho kinachomfaa kazini.

Ukinunua kipya, uliza pia chuma chake. Chuma cha kawaida hunoleka upesi na hukata vizuri, ila ukikata ndimu au embe bichi na kusahau kukifuta, kesho kitakuwa na madoa ya kijivu na kesho kutwa kutu. Kile kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikigundua Sheffield mwaka 1913, hustahimili zaidi hewa ya bahari. Vyovyote iwavyo, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti linatosha. Mafuta ya nazi yaache jikoni.

Hadi hapo, msomaji, ungedhani tunazungumzia mchezo wa watu wazima wasio na kazi. Lakini mzee alikuwa na neno jingine moyoni. Kisu kile hakukitaka kwa ajili yake. Alikusudia kumpa mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye anataka kufuata nyayo za babu baharini. Baba wa kijana amekataa katakata.

Na baba huyo hana kosa. Wakazi wa Likoni hawajasahau Agosti 1997, kituo cha polisi kiliposhambuliwa usiku, watu wakauawa na maelfu wakahama makwao. Isitoshe, katika miaka ya karibuni magenge ya vijana wenye mapanga na visu yamewahangaisha watu wa Kisauni na Likoni. Kijana akisimamishwa njiani na kukutwa na kisu mfukoni, ni nani atakayeuliza kama kina mlio mzuri? Sheria hairuhusu mtu kubeba silaha hadharani bila sababu halali, na udogo wa kisu hauwezi kuwa utetezi. Ukisafiri kwa ndege kutoka uwanja wa Moi kule upande wa Changamwe, nacho ukakisahau katika mkoba wa mkononi, utakiacha hapo hapo.

"Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe," fundi alichokoza.

"Wahenga hawakuishi Kisauni," mwalimu akamjibu. Yeye kila siku huwa na vijana wa rika la mjukuu yule darasani, na hakucheka.

Mzee hakubishana nao. Alilifungua bapa akatuonyesha umbo lake, jambo ambalo sote tulikuwa tumelipita. Halikuwa na ncha. Mgongo wake uliteremka mbele ukakutana na makali yaliyonyooka, na Waingereza huliita bapa hilo mguu wa kondoo. Ni kisu cha mabaharia wa zamani. Meli inapoyumba na mtu yuko juu ya mlingoti akikata kamba, kisu kisicho na ncha hakimdungi yeye wala aliye chini yake. Husimuliwa pia kwamba manahodha walikipenda kwa sababu mabaharia wakigombana, hakidungi mtu kirahisi. Mpwa alikuwa amekichagua makusudi.

Mwalimu alikitazama muda mrefu zaidi safari hii. Alisema hata hivyo hakina haja ya kutembea barabarani. Wakakubaliana hivi: kisu kitakaa kabatini kwa babu, mjukuu atakuja kila Ijumaa baada ya swala kujifunza kukinoa, kukitia mafuta na kukata kamba nacho, na siku atakapopata kazi melini atakichukua akiwa na barua yake ya kazi. Baba ataelezwa na mwalimu, maana wawili hao wanasikizana.

Kijana aliitwa. Alikuja na taulo begani, akasalimu "shikamooni" na kukaa ukingoni mwa baraza. Babu akamkabidhi kisu bila maelezo. Nilikitazama kidole gumba chake, nikingoja kumwona akichekwa kama nilivyochekwa mimi.

Hakugusa makali. Alikiweka karibu na sikio, akavuta kwa ukucha.