Nani Mwenye Dhamana ya Mionzi?

Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo huenda akadhani kuwa nyuklia ni habari ya nchi za mbali. Kumbe kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kilijengwa katika nchi jirani ya Kongo, mjini Kinshasa, kikaanza kazi ya utafiti mwaka 1959. Katika miaka ya 1970 fito mbili za fueli yake zilitoweka. Mmoja ulinaswa Italia mwaka 1998. Wa pili haukupatikana.

Kanuni kumi za usalama zilizotolewa mwaka 2006 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huanza na dhamana hiyo hasa: anayeendesha mtambo ndiye wa kwanza kuwajibika. Ukaguzi wa serikali haumwondolei mzigo huo.

Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini hospitali zake zina eksirei, nazo husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kwa sheria ya mwaka 2003. Fundi hujikinga kwa muda mfupi, umbali na bamba la risasi. Akiondoka mita 1 hadi mita 2 kutoka chanzo kidogo, mionzi hupungua hadi robo, kama mwanga wa kibatari.

Kikomo cha mtu wa kawaida ni milisiviti 1 kwa mwaka. Mgonjwa hakuwekewa kikomo hicho. Kwake huulizwa kwanza kama picha yenyewe inahitajika.