Mabamba ya Feleji Yaliyopigia Chapa Fedha

Wako watu wakusanyao stempu, na wako wakusanyao sarafu za kale. Huko Marekani wako pia wakusanyao vitu vizito zaidi, navyo ni mabamba ya feleji, yaani chuma kigumu, ambayo zamani yalitumika kupigia chapa noti za benki.

Kuyatengeneza kulitaka mkono mtulivu. Fundi alichonga picha na maandishi kinyumenyume, kama yaonekanavyo katika kioo, juu ya feleji iliyolainishwa. Kisha bamba likatiwa moto ili liwe gumu. Wino ulijazwa katika michoro, uso wa bamba ukapanguswa, na karatasi yenye unyevu ikagandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Ndiyo sababu wino wa noti hizo uliinuka kidogo, hata kidole kiliweza kuutambua. Hapo kwanza mabamba yalikuwa ya shaba, nayo yalilika upesi. Jacob Perkins wa Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1766, alikuwa miongoni mwa mafundi walioeneza matumizi ya feleji, idumuyo zaidi.

Lakini kudumu huko kulileta hatari. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861, zaidi ya benki 1,000 za majimbo zilitoa noti, kila moja kwa jina lake. Nyingi zilifilisika. Benki ilikufa, bamba likabaki. Wadanganyifu waliyapata mabamba ya namna hiyo, wakafuta jina la benki iliyokufa na kuchonga jina la benki iliyo hai. Mkulima aliyelipwa noti hizo kwa ngano yake alirudi nyumbani na karatasi tupu.

Mwaka 1865 Bunge la Marekani liliweka kodi ya asilimia 10 juu ya noti za benki za majimbo, nazo zikatoweka. Mwaka huo huo ikaundwa idara iitwayo Secret Service, iwasake waghushi.

Leo mabamba ya benki hizo huhifadhiwa kama kazi za sanaa, yakipakwa mafuta yasipate kutu. Mabamba ya noti za Serikali yenyewe ni jambo jingine: sheria ya Marekani humkataza mtu kuwa nayo bila idhini.

Nakshi ile ile ilipamba noti ya benki imara na noti ya benki iliyofilisika. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.