Ngome ya Dufile katika Kioo cha Simu

Uhalisia ulioongezwa ni ufundi wa kompyuta unaopachika picha, sauti au maandishi juu ya mandhari halisi ambayo mtu anaitazama kupitia kamera ya simu au kishikwambi, na hutofautiana na uhalisia pepe, ambao humziba mtazamaji macho kwa miwani maalumu na kumtia katika ulimwengu uliobuniwa mzima. Kwa kufundishia historia ya vita, ufundi huu unafaa kwa sababu moja kubwa: mambo mengi yaliyoamua mapigano, kama mwinuko wa ardhi, upana wa mto na masafa ya risasi, hayaelezeki vizuri kitabuni, bali humdhihirikia mtu aliyesimama pale pale yalipotokea. Huko Gettysburg, Marekani, ambako majeshi mawili yalipambana kuanzia tarehe 1 hadi 3 Julai 1863, wageni huinua simu zao wakaona vikosi vikijipanga juu ya majani yale yale wanayoyakanyaga.

West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nayo ina uwanja unaostahili kazi hiyo. Dufile, katika wilaya ya Moyo, ni ngome ya matuta ya udongo na handaki iliyojengwa ukingoni mwa Nile na utawala wa Misri, na ndiko Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, alikozuiliwa na askari wake walioasi mwaka 1888. Novemba ya mwaka huo, Emin akiwa ameshaondoka, wapiganaji wa Mahdi, kiongozi wa dini wa Sudan aliyeuasi utawala wa Misri, waliishambulia ngome hiyo, lakini askari waliobaki chini ya Selim Bey wakawarudisha nyuma. Baadhi ya askari hao walichukuliwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891, na kutokana nao wakatokea Wanubi, ambao lugha yao na Kiswahili cha kambini vingali vikisikika masokoni Arua na Koboko. Kwa hiyo historia ya Dufile si ya wageni peke yao.

Leo mgeni asiye na mwongozaji huona matuta na nyasi tu. Programu nzuri ingeinua mbele yake ukuta kwa kimo chake cha zamani, ikamwonyesha jinsi mto ulivyoulinda upande mmoja na kuacha pande nyingine zikitegemea handaki. Simu hujua ilipo kwa mawimbi ya setilaiti, ambayo huweza kukosea kwa mita kadhaa, kosa linalotosha kulisimamisha tuta ndani ya maji. Ndiyo sababu programu hulinganisha pia kile ambacho kamera inakiona na alama zilizopimwa mapema, huku vihisi vidogo ndani ya simu vikifuatilia kila inapogeuzwa. Kwa kuwa mtandao hauaminiki kila mahali mpakani, picha zote hazina budi kupakuliwa mjini kabla ya safari.

Kazi ya kuipima ngome haifai kusubiri. Makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, yalipimwa kwa leza mwaka 2009, na mwezi Machi 2010 moto ukaiteketeza nyumba kuu. Kipimo ndicho kilichohifadhi umbo lake. Matuta ya Dufile hayaungui, lakini mvua huyamomonyoa kila msimu.

Hatari ya ufundi huu ni kwamba picha huzungumza kwa uhakika mmoja tu. Mwandishi anaweza kuandika "huenda", lakini ukuta uliochorwa kwenye kioo hausemi huenda. Dufile inalifanya tatizo hili kuwa kubwa zaidi, maana Wabelgiji waliitumia tena ngome hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, na mtazamaji ana haki ya kujua tuta lipi ni la nani. Wanaakiolojia walichimba hapo mwaka 2006 na 2007; lililothibitishwa kwa uchimbaji lichorwe likiwa zima, na lililokisiwa libaki mstari mwembamba unaopenyeza mwanga.

Zipo sehemu ambazo hata mchoro wa uangalifu haufai. Ombaci, karibu na Arua, ndiko tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA, jeshi la Uganda la wakati huo, walikoua raia waliokimbilia misheni ya Wakomboni, wamisionari Wakatoliki, baada ya miezi ya mapigano yaliyoanza Oktoba 1980, wanajeshi wa zamani wa Idi Amin walipovuka mpaka kurudi West Nile. Baadhi ya walionusurika wangali hai, na wengine wao hupita hapo kila wiki wakienda kanisani au sokoni. Kuwachora waliouawa wakianguka tena mbele ya macho ya watoto wa shule ni kuwatendea jeuri wanaokumbuka. Pale Ombaci, kioo cha simu kibaki kikionyesha ua wa misheni kama ulivyo, na anayesimama asikie tu sauti za mashahidi kwa Kilugbara, kwa Kinubi na kwa Kiswahili, zilizorekodiwa kwa ridhaa yao, zikiwa chini ya mamlaka ya familia ambazo zinaweza kuziondoa siku yoyote zitakapotaka.