Mawimbi ya Ziwa Hupimwa kwa Hesabu

Mkulima, ikiwa shamba lako liko ukingoni mwa ziwa, bila shaka umeona jinsi mawimbi yanavyomega udongo. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana, yakaingia katika mashamba na nyumba za watu.

Siku hizi wataalamu huweza kukadiria nguvu ya mawimbi kabla hayajafika. Hutumia programu za kompyuta, kama ile iitwayo SWAN, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi. Kwanza ziwa hugawanywa katika miraba mingi, kama ramani ya mashamba. Kila mraba huandikiwa kina chake cha maji. Kisha kompyuta huelezwa upepo unatoka wapi na una nguvu gani, nayo hupiga hesabu mraba kwa mraba.

Wimbi hukuzwa na mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na upana wa maji ambayo upepo umeyapitia. Likikaribia nchi kavu, wimbi huvunjika urefu wake ukifikia kama robo tatu ya kina. Kwa hiyo maji yakipanda, mawimbi makubwa zaidi hufika ukingoni.

Matete pia yamo katika hesabu hiyo, kwa kuwa hupunguza nguvu ya mawimbi. Basi usiyakate wala usiyachome. Tena, hesabu haiwi sahihi ikiwa vipimo si sahihi. Wapimaji wakija kwako, waonyeshe mahali maji yalipofika.