Pilipili ya jirani, kikohozi chako

Jirani yako Mji Mkongwe akikaanga pilipili, uchochoro mzima unakohoa. Kwa nini? Neva za njia ya hewa zina vipokezi. Kimoja, TRPV1, huamshwa na kapsaisini, kemikali inayoipa pilipili ukali. Timu ya David Julius huko Marekani ilikitambua 1997. Nobeli ikaja 2021. Nduguye, TRPA1, hunasa akrolini iliyomo kwenye moshi wa kuni. Vikiguswa, neva hupeleka taarifa kwenye ubongo, nawe unakohoa.

Sasa, kwa mwenye pumu au kikohozi sugu, neva hizi mara nyingi huwa nyepesi mno kushtuka. Moshi usiokugusa wewe unamkaba yeye. Kwa hiyo bibi akikimbia jikoni, hadeki. Fungua dirisha, na pampu yake iwe karibu.