Jicho Lako na Giza la Usiku

Ni saa mbili za usiku na umeme umekatika. Umesimama katikati ya chumba, mikono mbele, unapapasa meza ambayo nusu dakika iliyopita uliiona waziwazi. Kiberiti hakionekani. Ngoja kidogo bila kulalamika: utaanza kuona fremu ya mlango, kisha dirisha, kisha mtoto aliyeketi mkekani. Giza halikupungua, ni jicho lako lililobadilika.

Mboni hupanuka kwa sekunde chache, lakini msaada wake ni mdogo. Kazi hasa hufanyika nyuma ya jicho, katika utando uitwao retina. Humo mna chembe za namna mbili zipokeazo mwanga. Zile zenye umbo la pia, zipatazo milioni 6, ni za mchana nazo ndizo zitambuazo rangi. Zile zenye umbo la vijiti, ambazo huzidi milioni 90, ni za usiku. Hizi hazijui rangi, na mwanga mwekundu hauzigusi sana. Ndiyo sababu kanga nyekundu iliyosahauliwa kambani huonekana nyeusi usiku uingiapo.

Ndani ya vijiti hivyo mna rangi ya zambarau ambayo hupauka ipigwapo na mwanga. Gizani hujijenga upya, lakini polepole mno: dakika 30 au zaidi. Basi mfanyakazi atokaye zamu ya usiku katika kiwanda chenye taa kali huingia barabarani akiwa na macho ambayo bado hayajawa tayari. Akiwasha simu kila mara kutazama saa, anaanza upya.

Dereva naye ana shida hiyo hiyo. Gari lijalo mbele likimtia kiwi, huendesha mita nyingi bila kuona sawasawa. Na autazame ukingo wa kushoto wa barabara, si zile taa. Kwa waendao kwa miguu hatari ni kubwa zaidi, kwani wewe unaliona gari tangu mbali na kudhani kwamba dereva naye amekuona. La hasha! Kama umevaa nguo nyeusi, hajakuona. Wazee pia wajihadhari, maana mboni zao hazipanuki kama za vijana.

Rangi ile ya zambarau hutengenezwa kwa vitamini A. Mtaalamu wa Marekani, George Wald, aliigundua vitamini hiyo ndani ya retina mwaka 1933, na mwaka 1967 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wake wa macho. Kwa hiyo, mama na baba, mtoto achezaye vizuri mchana kutwa lakini magharibi ikifika akajikwaa kwenye vyungu na kushika ukuta, msimgombeze kwa uzembe. Mpelekeni kituo cha afya upesi, kwa kuwa upungufu huo ukiachwa huweza kumpofusha kabisa. Vitamini yenyewe haiko mbali: imo katika maini na mayai; na mwili huitengeneza kutokana na mawese, matembele, mchicha, maembe na papai. Mboga zitiwe mafuta kidogo, la sivyo mwili hunufaika kwa sehemu ndogo tu.

Giza lenyewe nalo linaadimika mijini. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia ya Maziwa angani, kwa sababu ya taa. Taa nyingi hizo humulika mawingu badala ya kumulika njia. Kofia ya bati juu ya taa ya uani ingetosha kuurudisha mwanga chini unakohitajika.

Siku umeme ukikatika jioni ya Desemba au Januari, wapeleke watoto uani na kuwaonyesha Kilimia. Wakikitazama moja kwa moja kitafifia. Wakitazama kando yake kidogo, nyota zitaongezeka, kwa kuwa katikati kabisa ya retina hakuna vijiti.